Kipini cha Urithi

Sindano alikuwa amekaa kwenye benchi la chumba cha mahojiano bila hereni hata moja mwilini, na kwa waliomjua ilikuwa kama kumkuta uchi. Mtaa mzima ulimtambua kwa vyuma vyake: masikioni, kwenye nyusi, mdomoni, hadi katikati ya pua. Sasa yalibaki matundu tu. Koplo wa zamu alikuwa amemwamuru avue kila kitu, akavitia kwenye bahasha na kuigonga mhuri, akijisifu kwamba hajawahi kupokea mahabusu mzito kiasi kile.

"Wameniambia duka limevunjwa," alisema. "Kweli?"

"Kweli," alijibu Inspekta.

"Na mashine yangu ya mvuke?"

"Iko mtaroni."

Sindano alitikisa kichwa polepole. "Ile ndiyo ilikuwa inaua wadudu. Basi wameua mashine."

Inspekta alivuta kiti. Alikuwa mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na kituo kizima, kuanzia mfagiaji hadi vibaka wazoefu, kilimwita Shangazi, kwa sababu alikuwa akihoji watu kama anayeuliza habari za nyumbani. Leo hakuwa na nafasi ya habari za nyumbani. Mkuu wa kituo alitaka jalada la Sindano lifike kwa mwendesha mashtaka kabla ofisi hazijafungwa. Kosa lilikuwa kuua kwa uzembe. Nje ya geti kulikuwa na watu wanaolitaka jalada hilo kuliko hata Mkuu.

Aliyekufa alikuwa binti aliyekuwa akijifunza ushonaji. Kwa wembamba wake wenzake walimwita Uzi. Alitobolewa pua kwa Sindano, baadaye pua ikaanza kuwasha, ikavimba, ikatoa maji. Akajikuna. Uchafu ukaingia kwenye damu, na daktari alieleza kwamba pale puani kuna mishipa inayopanda moja kwa moja kuelekea kwenye ubongo. Alifikishwa hospitali akiwa hatambui mtu. Hakutoka.

"Ulimtoboa wewe?"

"Mimi. Pua ya kushoto. Hakulia hata kidogo. Alipiga chafya, tukacheka wote wawili."

"Ukaweka nini?"

"Titani. Msumari mfupi, kichwa cha buluu. Titani ile wanayoungia watu mifupa, Shangazi, si ile iliyoandikwa kwenye pakiti tu. Mwili hauikatai. Inakaa kama imezaliwa humo."

Inspekta aliweka mfuko mdogo wa plastiki mezani. Ndani yake mlikuwa na kipini cha njano chenye kichwa cha umbo la ua.

"Hiki ndicho muuguzi alichokitoa."

Sindano aliinama, akakitazama, kisha akacheka kicheko kikavu kisicho na furaha.

"Na ndicho mlichonifungia? Hiki si changu. Mimi kwenye kidonda kibichi siweki kitu cha njano."

Koplo, aliyekuwa ameegemea mlango, aliona zamu yake imefika. "Tumekipitishia smaku. Haikushika. Kwa hiyo si chuma kibaya, ubaya ni wa mikono yako."

"Afande, smaku haishiki hata shaba. Utaivaa shaba puani?" Sindano aligeuka kumtazama. "Ile stili wanayoiita ya hospitali, smaku haiishiki, na ndani ina nikeli inayowasha ngozi. Hata titani haishikwi. Unaweza kuizungusha hiyo smaku mpaka mkono ufe ganzi. Itakuambia nini kinashikwa na smaku, basi. Haijui kidonda."

"Hee, mahabusu ana mdomo!"

"Ndio mlioniachia."

Koplo alikasirika, akaondoka, akarudi na boksi la kiatu. Alilimwaga mezani. Vilitawanyika vipini, pete na hereni vya kung'aa, vya rangi ya fedha na vya rangi ya dhahabu, vyepesi kama vya kuchezea watoto. "Na hivi? Vilikuwa chini ya meza yako, vimefunikwa na kitambaa."

Kwa mara ya kwanza Sindano aliangalia sakafu.

"Ni vya bei ya chini."

"Sema vizuri."

"Nawauzia wenye matundu ya zamani, yaliyokwisha kupona. Kuna watu hawana uwezo wa titani, na bado wanataka kupendeza. Ngozi iliyopona inavumilia kidogo. Wengine hawadhuriki, wengine wanavimba. Anayevimba namwambia avue."

"Kwa nini ulivificha?"

"Kwa sababu naona aibu kuviuza. Ila naviuza."

Inspekta alivichambua kimoja kimoja kwa ncha ya kalamu. Hakukuwa na ua hata moja. Vyote vilikuwa vimepigwa na mashine, sawasawa, bila alama ya mkono. Kipini kilichotoka kwa marehemu kilikuwa na majani matano ya ua, na jani moja lilikuwa dogo kuliko mengine. Mashine haikosei hivyo.

"Uzi aliwahi kukuonyesha hiki?"

"Sana! Alikuja nacho siku ileile, kwenye leso. 'Dada Sindano, niwekee hiki, ni dhahabu ya bibi yangu mzaa mama.' Nikamwambia, mwanangu, dhahabu ya zamani sijui wameichanganya na nini, na mimi sina macho ya kuona ndani. Acha kwanza kidonda kipone, ipite miezi, halafu tutazungumza. Akaninunia, huyo! Mwishowe akaipenda buluu."

"Baba yake ametoa maelezo. Anasema kipini hiki kimetoka dukani kwako."

Sindano alikitazama tena kipini. Alikuwa akijaribu kuelewa kwa nini mtu afanye hivyo, na Inspekta naye pia.

Jana Inspekta alikwenda kutoa pole kwenye nyumba ya msiba. Mama wa marehemu hakuweza kuzungumza, alikaa kando ya ukuta akijipaka mafuta kwenye masikio, na dada yake ndiye aliyemjibia: "Sabuni za siku hizi zinatuchubua." Baba mtu, fundi wa kupaka rangi aliyejulikana kwa jina la Brashi, alizungumza kwa niaba ya ukoo. Alitaka Sindano afungwe. Kisha aliuliza kama kipini kinaweza kurudishwa mapema. Wakati Inspekta anavaa viatu mlangoni, akauliza tena.

Hakuuliza kama binti yake aliteseka.

*

Chumba cha ushonaji kilikuwa juu ya duka la magodoro. Mwenye kazi alikuwa mwanamke mrefu aliyevaa futi ya kupimia shingoni, na wanafunzi wake walimwita Madamu Mkasi mbele yake bila woga, kwa kuwa jina alilitaka mwenyewe. Cherehani zote zilikuwa zinalia isipokuwa moja, karibu na dirisha, iliyofunikwa kwa kanga.

"Hiyo ni yake," alisema Madamu Mkasi. "Hakuna anayetaka kuikalia. Nimewaambia cherehani haina ugonjwa. Hawasikii."

"Alikuwa mtu wa namna gani?"

"Mdomo! Ungempenda. Ilikuwa hajaingia ndani tayari umeshajua nani kaachika. Siku alipotobolewa alipita kila meza akiinua pua kama twiga. 'Nioneni, nioneni.' Buluu ilimkaa vizuri mno. Wateja walikuwa wanauliza."

"Kwa hiyo wewe uliiona buluu?"

"Sote tuliiona. Haikumwasha wala haikuvimba. Halafu asubuhi moja kaja na cha njano. Nikasema, wewe, si uliambiwa usibadilishe? Akasema kesho yake kulikuwa na picha za familia, za binamu yake aliyemaliza chuo, na mama yake kasema mtoto wangu hatasimama kwenye picha na kitu cha wahuni puani wakati kipini cha bibi yake kipo kabatini." Madamu Mkasi alikunja futi, akaikunjua. "Sikumlaumu mama. Mimi pia nilidhani dhahabu ni dhahabu. Nani angedhani vingine?"

"Cha buluu alikipeleka wapi?"

"Sijui. Alikuwa mtu wa kutupa vitu ovyo."

Inspekta alifunua kanga. Kwenye cherehani kulikuwa na chaki iliyovunjika, picha ndogo ya Uzi mwenyewe akitoa ulimi, na kimto cha pini kilichojaa kama nungunungu. Alikiinua, akakigeuza kwenye mwanga. Pini zilikuwa na vichwa vya kila rangi: nyekundu, nyeupe, kijani, buluu. Buluu nyingi.

"Mna smaku ya kuokotea pini?"

Madamu Mkasi alimpa smaku yenye umbo la kiatu cha farasi, iliyofungwa kamba. Inspekta alichomoa pini zote, akazilaza kwenye kitambaa cheupe, kisha akaishusha smaku taratibu. Pini zilirukia zikashikana kama nyuki. Cherehani zilinyamaza moja baada ya nyingine. Wasichana walikuwa wamesimama nyuma yake kutazama.

Kimoja kilibaki kwenye kitambaa. Kilikuwa kifupi, kina kichwa cha buluu, hakikusogea hata kidogo.

Koplo, aliyekuwa amefuatana naye, aliinama. "Kumbe smaku ina kazi."

"Ina kazi ukijua unatafuta nini," alisema Inspekta. Alikiweka kiganjani. Kilikuwa chepesi hata asihisi kama ameshika kitu.

Msichana mmoja nyuma alianza kulia kwa sauti ya chini. Madamu Mkasi hakumkataza.

Ngazini Koplo alisema, "Basi tumemaliza, Shangazi. Sindano aliweka titani, mama akabadilisha. Tunamwachia."

"Mwendesha mashtaka atauliza dhahabu imemuuaje mtu. Utamjibu nini?"

Koplo alifikiri ngazi nzima. "Nitamwambia akuulize wewe."

*

Sonara alikuwa na duka jembamba lenye kioo kinene na feni moja iliyomgeukia yeye tu. Alikuwa mzee msafi, mwenye kucha fupi kuliko za daktari. Polisi walimtumia mara kwa mara kupima mali za wizi, na alijua kuzungumza nao.

"Karibu Shangazi. Leo tena mkufu wa nani?"

"Leo kipini tu, mzee wangu. Nataka kujua kimetengenezwa na nini."

Inspekta alikuwa amekichomeka kwenye kipande cha sponji ili kisipotee, ua likabaki juu na msumari wote ukazama ndani. Sonara alivaa lenzi jichoni. Alilitazama ua muda mrefu kuliko ua dogo kama lile linavyostahili. Kisha alilikwangua kidogo pembeni, akadondosha tindikali, akangoja.

"Dhahabu ipo," alisema, "lakini ni ya kuchovya. Nyembamba kama pumzi."

"Chini yake?"

Alitoa chupa mbili ndogo, akadondosha tone moja la kila chupa kwenye pamba, akasugua palipokwanguliwa. Pamba ikaanza kubadilika, polepole, ikawa waridi. Ilikuwa rangi nzuri, kama ya gauni la mtoto.

"Nikeli," alisema. "Na ndani kabisa ni shaba ya njano. Ndivyo kazi ya kuchovya inavyokuwa. Nikeli ndiyo inayofanya dhahabu ishike na ing'ae. Ikichakaa ya juu, nikeli inatoka nje. Ikikutana na jasho inaanza kutembea kwenye ngozi. Wengine hawaihisi. Wengine wanaumia vibaya."

"Na ikiwa kwenye kidonda?"

"Kwenye kidonda hakifungi. Kitakuwa kinatoa maji kila siku." Alivua lenzi. "Na hiki kimechakaa zaidi pale nyuma, penye ule mkunjo wa mara mbili. Pale ndipo..."

Alisita.

Inspekta aliitazama sponji. Sonara naye akaitazama sponji. Feni iligeuka, ikarudi.

"Mzee wangu," alisema Inspekta kwa ile sauti yake ndogo, "hapo nyuma bado hujapaona."

"Vipini vyote vya zamani vina mkunjo."

"Wa mara mbili?"

Sonara alichukua kitambaa akafuta mezani mahali palipokuwa safi. Inspekta alikichomoa kipini kwenye sponji. Msumari ulikuwa umekunjwa mara mbili mwishoni, kwa ustadi.

"Na jani moja ni dogo," alisema. "Uliiga hata kosa la fundi wa kwanza. Kazi nzuri."

"Mimi ni fundi, Shangazi." Sauti ya mzee ilikuwa imekauka. "Mtu analeta seti. Anasema, nitengenezee zinazofanana, mke wangu avae kila siku, za asili tuzihifadhi. Nimuulize hati ya ndoa?"

"Na za asili zilihifadhiwa wapi?"

Sonara aliendelea kufuta meza.

"Ulizinunua wewe," alisema Inspekta.

"Nilizinunua kihalali. Alikuwa anajenga. Alisema anaezeka, na mvua zinakuja." Alikunja kitambaa mara nne. "Alikuwa na rangi kwenye kucha. Mpaka rangi. Nilimwambia zitapauka, akasema mke wake hana jicho la dhahabu."

"Ulijua zinakwenda mwilini, na ukatia nikeli."

"Hereni za kuchovya zote zinakwenda mwilini! Nenda sokoni uwakamate wote!" Kisha akashuka. "Sikujua zitaingia kwenye kidonda. Nani anatia kitu cha kuchovya kwenye kidonda?"

"Anayedhani ni dhahabu," alisema Inspekta. "Ulisema seti. Seti ya nini?"

"Kipini na hereni. Jozi moja ya hereni."

Inspekta alisimama. Alikuwa ameyaona masikio ya mama wa Uzi jana, mekundu, yamechubuka, yanang'aa mafuta. Alimwomba sonara zile chupa mbili na pamba. Mzee alimpa bila kuuliza za nini, na hilo Inspekta alilikumbuka baadaye kila alipotaka kumhurumia.

*

Nyumba ya msiba ilikuwa imejaa mpaka barazani. Wanawake walikaa chini sebuleni, miguu wameinyoosha, watoto wamelala mapajani. Wanaume walikuwa nje kwenye viti vya kukodi wakizungumzia mambo ya gari. Kila aliyeingia alitazama juu, kwa kuwa nyumba ile ilikuwa na dari ya mbao nzuri na paa la bati lenye rangi, pekee mtaani.

"Brashi alihangaika na paa hili," shangazi mmoja wa marehemu alikuwa akimwambia mgeni. "Kabla ya hapo tulikuwa tunalala na ndoo kitandani. Kaka yangu huyu ni mwanaume."

Inspekta alimwita Brashi nyuma ya nyumba, penye pipa la maji na kamba ya nguo. Alimwacha Koplo kwenye kona ili mtu asipite.

"Mmekileta kipini?" aliuliza Brashi.

"Mzee Brashi, kwa nini unakitaka sana?"

"Ni kumbukumbu ya mtoto."

"Kumbukumbu ya mtoto, au ya bibi yake? Kwenye maelezo ulisema kimetoka kwa Sindano."

Brashi alifungua mdomo. Inspekta alinyoosha kiganja, na juu yake kulikuwa na vipini viwili, cha njano na cha buluu.

"Hiki cha buluu ndicho cha Sindano. Tumekikuta kwa Uzi, kwenye kimto chake cha pini. Hiki cha njano nimetoka nacho kwa sonara. Anakusalimu."

Brashi alikaa kwenye ukingo wa pipa. Alikuwa mtu mkubwa, mwenye vitone vya rangi nyeupe hata kwenye nyusi, na alijikunja kama ngazi ya kupakia rangi.

"Nilikuwa nirudishe," alisema. "Nilisema nikipata kazi kubwa nitakomboa. Kumbe sonara akishanunua anayeyusha siku hiyohiyo. Miaka ikapita. Mke wangu alikuwa anavaa hereni zake, ana raha. Nikasema, raha si ndiyo hiyo hiyo?"

"Siku mama alipotoa kipini kabatini ulikuwepo?"

"Nilikuwepo." Alifuta uso kwa mkono. "Alikichemsha. Akakiosha na chumvi. Mimi nimekaa pale kitandani namwangalia. Ningesema nini, Shangazi? Ningesema usimwekee, ni feki? Nilijua ni feki. Sikujua feki inaua."

"Na pua ilipoanza kuvimba?"

Brashi alisogea, akashusha sauti.

"Nisikilize, dada yangu. Mtoto hatarudi. Yule mtoboaji hana mume, hana mtoto, duka lenyewe limeshavunjwa. Atakaa ndani kidogo atatoka. Lakini huyu mama... huyu kakiweka kwa mikono yake. Ukimwambia hivi unamuua. Mwache aamini ni yule. Nakuomba. Kwa ajili yake, si kwa ajili yangu."

Inspekta alimtazama. Jambo baya ni kwamba sehemu ya maneno yake ilikuwa kweli.

"Kwa ajili yake ungemwambia alipokuwa anachemsha maji," alisema.

Koplo alikohoa pale kona. Alikohoa kwa kuchelewa. Mama wa Uzi alikuwa amesimama nyuma ya shuka lililoanikwa, na miguu yake tu ndiyo iliyoonekana, pamoja na ndoo aliyokuja kuchotea maji. Haikujulikana alikuwa pale tangu lini. Alilisogeza shuka kwa mkono.

"Mama Uzi," alianza Brashi, "ngoja nikueleze..."

"Wewe nyamaza."

Alikuja mpaka mbele ya Inspekta. Alivua hereni ya sikio la kushoto, kisha ya kulia. Ya kulia ilikuwa imegandia kwenye ngozi, ikatoka na damu kidogo, hakukunja uso. Aliziweka zote kwenye ukuta mfupi wa bafu.

"Nimesikia umetoka kwa sonara. Una dawa yake ya kupimia?"

"Ninayo, mama. Lakini si lazima iwe leo."

"Nipimie."

Inspekta alidondosha matone kwenye pamba. Alisugua hereni ya kwanza. Wote wanne waliitazama pamba, na ndani ya nyumba watu walikuwa wakicheka kidogo kwa kitu fulani alichowahi kusema marehemu.

Pamba iligeuka waridi. Alichukua nyingine kwa hereni ya pili. Ikageuka pia.

Mama wa Uzi aliinua uso akatazama paa lake. Alilitazama kwa utulivu, bati kwa bati, kama mtu anayekagua kazi ya fundi.

"Miaka yote hii," alisema, "nabadilisha sabuni."

Brashi alinyoosha mkono kumshika bega. Alimkwepa bila hasira. Akaiinua ndoo, akaona haina maji, akaiweka chini.

"Koplo," alisema Inspekta, "nenda kamwachie Sindano."

"Sasa hivi?"

"Sasa hivi. Mrudishie bahasha yake."

"Na huyu mzee, Shangazi? Tunamfungulia kosa gani?"

Inspekta alikuwa amelitafuta kosa hilo kichwani tangu dukani kwa sonara. Kusema uongo kwenye maelezo, hilo lipo. Kuuza mali ya mke, labda, mke akitaka kushtaki. Kwa lile lingine hakuna kifungu.

"Uongo kwenye maelezo," alisema. "Mwambie aje mwenyewe kituoni baada ya msiba. Hatakimbia."

Koplo aliondoka. Brashi alibaki amekaa kwenye pipa. Mama wa Uzi aliketi chini, juani, ameegemea ukuta wa bafu, upande ambao paa halikufika. Dada yake alichungulia mlangoni, akasema, "Njoo ndani, jua kali." Hakuitika. Dada akatoka na mkeka, wakafuata wengine, na muda si muda wanawake wote walikuwa wamehamia uani, wanabanana kwenye kivuli chembamba cha kamba ya nguo, bila kujua wamefuata nini.

Inspekta alichuchumaa karibu naye. Kipini cha buluu kilikuwa bado kiganjani mwake. Mama alikiona.

"Ndicho kile?"

"Ndicho."

Alikichukua kwa vidole viwili, akakipima uzito, akashangaa kama alivyoshangaa Inspekta.

"Nilimwambia ni cha wahuni." Alikigeuza kwenye jua. "Kilikuwa kinamwasha?"

Wanawake walinyamaza kusikiliza. Inspekta alitafuta uongo wa kumpa, na alikuwa nao mwingi, wa miaka mingi ya kazi. Kisha akamwona Brashi kwenye pipa, anamtazama kwa macho ya kuomba.

"Hapana, mama," alisema. "Pua ilikuwa inapona."